Jina la Tatu Kwenye Mkopo

Edyta Wrzosek hakumchukia mama mkwe wake kwa siri. Alimchukia mchana kweupe, kwa adabu, huku akimwita "mama" katika kila sentensi, na jengo letu zima la ghorofa nne lilijua. Mama mkwe mwenyewe, Genowefa, mjane aliyestaafu kutoka kiwanda cha soksi, aliishi jengo la mkabala, ng'ambo ya uwanja wa kuegesha magari. Alikuwa na ufunguo wake wa nyumba ya Edyta na alikuja alipojisikia. Aliingia, akavua viatu, akafungua friji kuona kuna nini, kisha ndipo akasalimia.

"Mama angepiga hata kengele," Edyta alimwambia siku moja.

"Nipige kengele kwenye nyumba yangu?"

"Nyumba ni ya Radek na mimi, mama."

"Kasome mkataba, binti. Uhesabu majina."

Majina yalikuwa matatu. Mwaka 2008, Edyta na mumewe Radek walipotaka kununua vyumba vyao vitatu, benki ilitazama mishahara yao na kutikisa kichwa. Ilitaka mtu wa tatu wa kubeba mzigo pamoja nao. Genowefa akaweka saini, akawa mkopaji mwenza. Na kwa kuwa riba ya mikopo ya zloti, fedha yetu ya Poland, ilikuwa juu, wakakopa kwa faranga za Uswisi, nchi ambayo hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukanyaga. Kijana wa benki aliwaambia faranga ni fedha isiyoyumba. Kweli haikuyumba, ilipanda tu. Walikopa kiasi cha zloti laki moja na sabini elfu, wakalipa kila mwezi kwa miaka saba bila kukosa, na Januari moja wakaamka wanadaiwa zaidi ya laki mbili na nusu.

Radek alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, Ujerumani na kwingineko, na nyumbani alionekana kila wiki ya tatu. Mama yake na mkewe walipogombana, aliinuka kwenda kuangalia tairi. Kwa hiyo vita ilikuwa ya wanawake wawili, nayo ilipiganwa juu ya mambo madogo: pazia, unene wa sweta la mtoto, kwa nini sufuria imewekwa kabati la chini. Kila ubishi uliishia mahali pale pale. Genowefa alikuwa na saini, na mwenye saini ana neno.

Edyta alikuwa mtunza fedha kwenye duka kubwa karibu na stesheni. Alizoea kukaa kimya mbele ya watu wanaomkaripia. Lakini alikwenda benki siku yake ya mapumziko, peke yake, akauliza swali moja: jina la tatu linatokaje kwenye mkopo?

Ofisa wa mikopo, bwana mmoja mpole mwenye tai fupi aitwaye Cezary, alipiga hesabu. Deni likishuka chini ya faranga elfu hamsini na mbili, alisema, kipato cha mume na mke kitatosha, na benki inaweza kumwachia mkopaji wa tatu. Wakati ule lilikuwa elfu sitini na mbili na mia nne.

"Kwa mwendo huu ni lini?"

"Kwa mwendo huu, bibi, ni miaka mitano."

Mwaka 2016, mwezi wa nne, serikali ilianza kutoa posho ya watoto. Zloti mia tano kila mwezi kwa mtoto wa pili na kila anayefuata. Edyta alikuwa na watatu: Kinga, Błażej na Hubert. Zloti elfu moja, bila kuulizwa chochote. Mji mzima ulibadilika kiangazi kile. Baiskeli mpya zilijaa uani, watu ambao hawajawahi kwenda mbali kuliko Łódź, jiji la jirani, walirudi kutoka baharini wamebabuka pua. Edyta hakununua kitu. Posho ilipoingia, aliitoa yote, akaenda kwenye kibanda cha kubadilisha fedha nyuma ya soko la mboga, kwa mzee aliyeuza faranga kwa bei nafuu kidogo kuliko benki, akazitia kwenye buti lake la baridi ndani ya kabati. Tarehe kumi alizipeleka benki pamoja na rejesho la kawaida, akajaza fomu kueleza kwamba za ziada zipunguze deni lenyewe. Bila fomu, benki ingezikalia tu zikisubiri mwezi ujao.

Hakumweleza mtu sababu. Alimwambia Radek tu kwamba wanalipa mapema ili riba isiwale, na Radek alisema sawa.

Watu hawakusema sawa. Wanawake wa benchi la uani walimhesabia kila kitu. Kinga alivaa koti la binamu yake. Hubert alisukuma baiskeli ambayo pedali moja ilikuwa imefungwa waya.

"Mwenzetu anafuga benki," alisema mmoja Edyta akipita na mifuko. "Wengine wanafuga paka."

"Paka angalau anakamata panya," mwenzake akajibu.

Edyta alisalimia, akapita. Aliniambia baadaye kwamba ngazi arobaini na nane kutoka mlango wa chini hadi kwake zilimtosha kumaliza hasira, ila siku ambazo mama mkwe alikuwa tayari ndani.

Mei ya 2017 ilikuwa Komunyo ya kwanza ya Błażej. Kwetu siku hiyo huandaliwa kama arusi. Watu hukodi ukumbi mwaka mzima kabla, mtoto hupewa saa, tarakilishi, hata pikipiki ndogo. Edyta aliandaa mlo nyumbani. Alipanga meza tatu zisizolingana kutoka chumba kimoja hadi kingine, akazifunika shuka nyeupe, akakaanga nyama ya nguruwe iliyopakwa chenga za mkate tangu alfajiri. Wifi yake Iwona, dada wa Radek, alikuja kutoka Gdynia, mji wa pwani, na baiskeli mpya yenye utepe mkubwa. Alikuwa na duka la kupamba kucha na alizungumza kwa kuzionyesha zake.

"Nimemletea mtoto baiskeli," alitangaza kabla hata ya kuketi, "maana nimeona ile ya mdogo wake imefungwa kama mtu aliyevunjika mguu."

"Asante, wifi."

"Usinishukuru mimi. Hivi hawa watoto wamewahi kuiona bahari?"

"Wameiona kwenye simu yako. Unatutumia kila siku."

Watu wakacheka kidogo, wakatazama sahani. Iwona naye akacheka, lakini kwa meno tu.

"Mimi nasema ukweli, usinichukie. Ile pesa ni ya watoto. Serikali haikusema wapelekeeni Waswisi."

"Watoto wanalala wapi, wifi? Juu ya baiskeli?"

Hapo Genowefa akaweka uma chini. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya zambarau na pini ya pambo kifuani.

"Wenzangu wote wa kundi la rozari wamekwenda hotelini," alisema. "Wajukuu wao wanakula kwa kuhudumiwa. Mimi nimepandishwa ngazi."

"Ngazi hizi mama amezipanda mara nne wiki hii kuja kukagua friji," Edyta akajibu huku akimwongezea viazi. "Leo ndiyo zimekuwa ndefu?"

Radek aliinuka, akasema anakwenda kuangalia tairi. Siku ile hata lori hakuja nalo.

Wiki tatu baadaye ikaja simu kutoka ofisi ya ustawi wa jamii ya mji. Kulikuwa na barua isiyo na jina, na sheria iliwataka waifuatilie. Mtu aliandika kwamba posho ya watoto wa Wrzosek inafujwa, kwamba watoto wanavaa mitumba na hawapelekwi popote. Edyta alijua maana yake. Ofisi ikikubali kwamba pesa inafujwa, ingeacha kumpa fedha mkononi. Ingelipa chakula cha shule, ingetoa viatu na makoti. Watoto wasingekosa kitu. Faranga zingekwisha, na jina la tatu lingebaki pale kwa miaka.

Afisa aliyekuja aliitwa Bi Żaneta, msichana mwenye begi kubwa kuliko yeye, aliyeona haya kufungua friji na akaifungua. Aliona jibini, soseji, chungu cha kabichi. Aliona vitanda vitatu na daftari za shule zilizojaladiwa. Akamuuliza Kinga, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, kama kuna kitu anachokosa nyumbani.

"Mlango wa chumba unaofungwa," Kinga akasema. "Bibi huingia tu."

Bi Żaneta aliandika, kisha akamgeukia Edyta.

"Samahani, lazima niulize kila kilichomo kwenye barua. Ni kweli unabadilisha posho kuwa fedha za kigeni?"

"Mkopo wangu ni wa fedha za kigeni. Ningelipa kwa viazi wangekataa."

"Na kwamba unazificha ndani ya buti?"

Edyta alikuwa amesimama karibu na dirisha.  Buti lilikuwa nyuma kabisa ya kabati la chumbani, chini ya blanketi. Radek hakujua. Watoto hawakujua. Mwingine mwenye ufunguo alikuwa mmoja tu. Alikwenda, akalileta, akalipindua mezani. Zikaanguka noti chache za faranga, na kutoka buti la pili risiti za benki za miezi kumi na minne, zimebanwa kwa kibanio cha nguo.

Bi Żaneta alizisoma moja moja. "Mimi mwenyewe nimepanga chumba," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. Akaandika kwamba watoto wanalishwa, wanavikwa, wanasoma, na kwamba kuwalipia nyumba si kufuja. Jambo hilo likaishia hapo kwa upande wa ofisi.

Kwa upande wa Edyta lilianza. Hakusubiri. Alivuka uwanja kwa kandambili, akapiga kengele ya Genowefa, akaendelea kuibonyeza hata baada ya mlango kufunguliwa.

"Niko hapa, kwani mimi ni kiziwi?" alisema Genowefa.

"Nilitaka mama aone kengele inavyopigwa. Mama amesoma buti langu?"

Genowefa hakukana. Aliingia jikoni, akakaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Mtu mwenye pesa halali haifichi kwenye viatu."

"Mtu mwenye adabu haingizi mkono kwenye viatu vya mwenzake. Mama angewaletea aibu gani wajukuu zake, na makoti ya bure mlangoni?"

"Angalau wangekuwa na makoti. Wewe unakusanya, unakusanya, hata aisikrimu huwapi. Unamkusanyia nani?"

"Namkusanyia mama."

"Mimi?"

"Nataka jina la mama litoke kwenye mkopo. Limebaki deni kidogo. Likitoka, mama atakuwa mgeni kama wageni wengine."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mdomo. Genowefa aliacha kufuta. Alikuwa mwanamke mrefu, na akiwa amekaa vile alionekana amefupishwa ghafla.

"Kumbe ninafukuzwa kwa pesa ya wajukuu zangu," alisema.

"Mama hafukuzwi. Mama hakuwahi kuhamia."

Waliacha kuongea miezi minane. Genowefa aliendelea kuja, aliendelea kufungua friji, ila sasa alimsemesha Hubert peke yake, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Mwambie mama yako maziwa yake yanaganda." Na Hubert, aliyekuwa na miaka mitano na kuipenda kazi hiyo, alikwenda akarudi na jibu: "Mama anasema ndiyo sababu yanaitwa maziwa ya mgando." Edyta aliendelea kwenda kwa mzee wa faranga. Mwezi wa tatu wa 2018 alitoka benki na karatasi inayosema deni limebaki elfu hamsini na moja, mia tisa na arobaini. Alinunua keki ya jibini, akaikata mbele ya watoto bila kuwaambia ni ya nini.

Furaha ile haikufika Jumatatu. Cezary alimweleza kwamba kila aliyesaini kuingia lazima asaini kutoka, akiwemo anayeondolewa mzigo.

"Nani atakataa kufutiwa deni?" alisema, akitabasamu.

Edyta hakutabasamu.

Genowefa alikataa. Radek alikuwa nyumbani wiki ile na safari hii mkewe alimshika mkono, hakumwacha aende kwenye tairi. Wakaketi watatu, fomu katikati.

"Mama, saini tu," Radek alisema. "Ni kwa faida yako. Pensheni yako itakuwa salama."

"Pensheni yangu imekulalamikia?"

"Mama."

"Niliposaini mwaka ule mlilia, nyote wawili. Huyu alinibusu mikono. Leo nimekuwa deni." Aliisukuma fomu kwa kidole kimoja. "Nikitoka kwenye karatasi hii mtanikumbuka Krismasi na Pasaka. Iwona ananipigia simu akiwa na mteja, nasikia kabisa anapaka rangi. Mimi sitoki."

"Kwa hiyo mama anataka kubaki mdaiwa ili awe na pa kwenda?" Edyta akauliza.

"Nataka kubaki. Sababu ni zangu."

Mwingine angelegea pale. Edyta alikiri kwangu kwamba kwa muda alilegea, kisha akakumbuka buti. Alikunja fomu, akairudisha kwenye mkoba.

Mwezi wa nne, tarehe kumi, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, hakulipa rejesho. Pesa alikuwa nayo, faranga zote, kwenye buti lile lile. Alijua gharama yake. Cezary alishamwambia kwamba benki humwachia mkopaji wa tatu pale tu ambapo marejesho yamelipwa kwa wakati miezi kumi na miwili mfululizo, na kuchelewa kokote kunaanzisha hesabu upya. Siku mbili kabla ya hapo alikaa nyumbani akilitafakari, akaona heri kusubiri mwaka mmoja akiwa na saini kuliko kusubiri maisha bila saini. Hakumwambia Radek. Alikuwa Hamburg.

Benki ilipeleka barua ya madai kwa wakopaji wote watatu, kwa rejista. Genowefa hakuwa nyumbani mwenye kuleta barua alipopita, akaachiwa kikaratasi cha kwenda posta mwenyewe. Posta yetu ina madirisha matatu na hufunguliwa moja. Alipanga foleni nyuma ya watu kumi na nyuma yake alisimama mwanamke wa kundi la rozari. Karani, ambaye husema kwa sauti kwa sababu ya kioo, alisoma: "Genowefa Wrzosek, kutoka benki, madai ya malipo. Saini hapa." Mwanamke wa rozari akatazama dari.

Genowefa hakuwahi kudaiwa maishani mwake. Hata chumvi ya jirani alirudisha imezidi. Alivuka uwanja barua ikiwa imefunguliwa mkononi, na safari hii, sijui kwa nini, hakutumia ufunguo. Aliupiga mlango kwa kiganja.

"Nini hii?"

"Ni barua ya wakopaji," Edyta akasema. "Mama alisema anataka kubaki."

"Lipa."

"Mama naye anaweza kulipa. Mkopo si wangu peke yangu. Benki ikichoka kuandika itatafuta kipato kisichokimbia. Mimi naweza kufukuzwa dukani kesho, Radek yuko barabarani. Pensheni ya mama haijawahi kuchelewa hata siku moja."

"Utawalaza watoto nje ili unikomoe mimi?"

"Tarehe ishirini na nne nitalipa, mama asaini au asisaini. Watoto hawatalala nje. Lakini mwezi ujao nitachelewa tena, na unaofuata tena, na kila mara mama ataitwa dirishani kwa jina. Mimi nimezoea kukaripiwa na watu wa foleni. Mama je?"

Kinga alikuwa mezani na kazi yake ya hesabu. Genowefa alimtazama mjukuu wake kama anayetaka shahidi, na mtoto akainamia daftari.

"Nyoka wewe," Genowefa alisema, taratibu kabisa.

"Ndiyo, mama. Kalamu hii hapa."

Walikwenda benki pamoja siku ya pili yake, wakitembea hatua tano tano mbali. Genowefa alisaini mbele ya Cezary, jina lote, kwa mwandiko wa shule ya zamani, bila miwani. Cezary akagonga mhuri, kisha akawaeleza kwa masikitiko kwamba kwa ajili ya ule ucheleweshaji uamuzi hautatoka mwaka huu. Ombi na saini vitakaa kwenye faili. Wakilipa miezi kumi na miwili bila doa, jina litafutwa lenyewe.

Genowefa alimgeukia mkamwana wake. Akaelewa. Akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani.

"Umejichoma mwenyewe."

"Nilijua."

"Ulijua." Alilipima neno hilo kidogo. Halafu akamuuliza Cezary, kama anayetania, "Na nikifa kabla ya mwaka kwisha?"

"Mungu apishe mbali, bibi."

"Apishe, sawa. Lakini nikifa?"

"Basi nafasi ya bibi katika deni inakwenda kwa warithi. Bibi ana watoto wangapi?"

"Wawili. Radek na Iwona."

 Edyta alikiona kila kitu kwa mpigo: Iwona ameshika mkataba kwa kucha zake, Iwona jikoni kwake, Iwona akiuliza kwa nini nyumba isiuzwe igawanywe. Mama mkwe alikuwa na miaka sabini na mitatu, presha ya kupanda, na tabia ya kumeza vidonge siku anazovikumbuka.

"Mama," alisema wakiwa njiani kurudi, safari hii hatua mbili tu mbali. "Ile dawa ya presha unakunywa asubuhi au jioni?"

"Nikiitaka."

"Kuanzia leo ni asubuhi. Nitapiga simu."

Na akapiga. Saa kumi na mbili u nusu kila siku, kabla ya kwenda kazini. "Umekunywa?" "Nimekunywa." "Nionyeshe kopo jioni." Alhamisi alimpeleka kliniki, akaketi naye kwenye foleni ya daktari wa moyo saa tatu nzima bila kusema naye neno. Jumapili alimpelekea supu ya kuku na tambi ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa taulo. Genowefa aliionja akiwa amesimama, ili isionekane amekaribishwa.

"Haina chumvi."

"Makusudi."

"Hii ni maji ya kuogea kuku."

"Imalize, mama. Imebaki miezi tisa."

Nadhani Genowefa aliufurahia mwaka ule kuliko miaka yake mingi, na aliutumia bila huruma. Alikohoa kwenye simu. Alisema anasikia ganzi mguu wa kushoto siku ambayo Edyta alikuwa amepanga kulala. Mara moja alitangaza kwamba anafikiria kwenda kukaa na Iwona baharini majira ya baridi, kwa sababu hewa yake ina madini, na Edyta akamwambia hewa ile ile imeua wazee wawili wa jengo letu, jambo ambalo halikuwa kweli. Wanawake wa benchi walibadilisha wimbo. Sasa walisema mkamwana ametubu, na mmoja alimsifu usoni kwa kumtunza mzee. "Namtunza kama mkopo," Edyta alijibu, na yule mama akadhani ni utani.

Mei ya 2019 benki iliandika kwamba wakopaji ni wawili. Barua ilikuja ya kawaida, bila rejista, na sikuwepo kuona ilivyopokelewa. Ninachokikumbuka mimi ni asubuhi moja ya Februari ya mwaka ule, wakati miezi ilikuwa imebaki michache. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na kuganda, na uwanja mzima uling'aa kama sahani. Nilikuwa nakwenda kuwahi treni ya saa kumi na mbili ya Łódź, chuoni, nikishikilia ukuta. Mbele ya mlango wa jengo la mkabala Edyta alikuwa amepiga magoti, koti limevaliwa juu ya nguo ya kulalia, akimwaga chumvi na mchanga juu ya barafu kwa koleo la mtoto ili isiteleze, ngazi baada ya ngazi, hadi kwenye kijia cha pipa la takataka.

Dirisha la ghorofa ya kwanza likafunguliwa.

"Pale kwenye kona umeruka," alisema Genowefa kutoka juu.

"Kwenye kona mama hapiti."

"Leo naweza kupita."

 Edyta alijikokota kwa magoti hadi kwenye kona, akamwaga chumvi mara mbili, akainuka na kuikanyaga kwa kisigino kuijaribu kama imeshika.